Jumatatu na Alhamisi za Gumato

Jumatatu, 18 Machi

Binti yangu Kui amenitumia shajara hii kutoka Nairobi. Anasema nikiwa na la kulalamika niliandike humu badala ya kumpigia simu akiwa kazini. Haya, naanza na mvua. Imefika kabla hatujamaliza kuezeka upande wa nyuma wa gereji, na Akolong, fundi ninayefanya naye kazi tangu mume wangu akiwa hai, amehamishia spana zake zote juu ya meza yangu ya chai.

Mzee Dabaso amekuja na Land Cruiser yake. Ni mfugaji wa upande wa Garbatulla, Mborana, mtu wa maneno machache. Kila Jumatatu na Alhamisi humleta mkewe Gumato hapa Isiolo kwenye mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zimekataa kazi. Akishamfikisha hospitalini huja kwangu kusubiri, na mimi humwangalizia gari.

"Mama Kui, hii gari inatoa jasho," aliniambia, akionyesha chini ya injini.

Nililala chini nikaona oili inang'aa ubavuni. Gasketi ya mfuniko wa juu ilikuwa imekauka. Tukaibadilisha, kazi ndogo. Nilimkaribisha chai kwa mazoea, akanitazama tu. Ni Ramadhani, na mimi nimeishi mji huu maisha yangu yote. Nikainywa mwenyewe, nikiwa nimempa mgongo.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua tangu asubuhi. Gari ya Dabaso bado inavuja.

Jumatatu, 25 Machi

Oili ina tabia ya kumdanganya fundi. Hutoka juu, ikateremka, upepo wa safari ukaisukuma nyuma, na wewe ukaona tone mahali ambapo hapana kosa lolote. Kwa hiyo leo tumeosha injini yote kwa dizeli na sabuni, tukaipuliza ikakauka, kisha nikachukua unga wa ngano wa chapati zangu nikaupaka ubavuni kote. Dabaso aliendesha mpaka uwanja wa ndege na kurudi. Alipofungua boneti, injini ilikuwa nyeupe na mstari mmoja mweusi unaanzia mbele, kwenye sili ya krenki, ile pete ya mpira inayozuia oili pale mhimili wa injini unapotokeza nje.

"Umepika keki," Dabaso alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitania.

Tumebadilisha sili. Nimelala na moyo mweupe.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Mvua ilipiga mabati ya kanisa mpaka mahubiri hayakusikika, na sidhani kuna aliyelalamika.

Alhamisi, 4 Aprili

Sasa inavuja nyuma, pale injini inapokutana na gia boksi. Jumatatu niliweka boksi la katoni chini yake likabaki kavu saa nzima, nikajisifu mbele ya Akolong. Leo boksi hilohilo lililowa kabla sijamaliza kusalimia.

Jambo jingine limeniudhi. Kile kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimechomoka nusu, na oili imetapakaa ubavu mzima. Nikamwambia, "Mzee, ukishapima, rudisha kijiti mpaka mwisho."

"Nilirudisha."

"Basi kimejitoa chenyewe?"

Akakisukuma ndani kwa kidole. Mtu anajua kila ng'ombe wake kwa jina la mama yake, lakini kusukuma kijiti kwenye tundu kunamshinda. Akolong alicheka, nami nikacheka naye.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo Gumato amekuja gereji kwa miguu yake. Mashine ilikuwa na foleni, akasema afadhali asubiri kwetu kuliko kunusa dawa. Nilitarajia mtu aliyekunjamana. Kumbe ni mwanamke mrefu, mchangamfu, uso umevimba kidogo chini ya macho. Alikaa juu ya tairi, akauliza kila kitu kinaitwaje. Kakake alikuwa dereva wa lori la ng'ombe la Moyale, na akiwa msichana alikuwa akisafiri naye.

Nilimwuliza kwa nini asihamie mjini mpaka mvua iishe. Barabara ile ina laga, mito ya msimu, zisizo na daraja. Zikijaa, basi halipiti, ni gari lao tu lenye kimo cha kuvuka.

"Dada, nikikaa hapa nitakuwa mgonjwa tu," alisema. "Kule nyumbani mama yangu haoni, mimi ndio macho yake. Asubuhi naamka, nachemsha chai, watu wanakunywa. Jumatatu na Alhamisi nawapea nyinyi. Hizo zingine ni zangu."

Nilimwona mkaidi, na nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema hata Dabaso humwambia.

Alhamisi, 11 Aprili

Jana ilikuwa Idd. Dabaso ametuletea mguu mzima wa mbuzi. Gari inavuja, na kila safari sasa anabeba dumu la oili nyuma ya kiti, asimame njiani kuongeza.

Jumatatu, 15 Aprili

Tumeshusha gia boksi, tumebadilisha sili ya nyuma. Kazi ya kutwa nzima ndani ya tope. Ilibidi walale kwa binamu yao Hibo hapa mjini, waondoke kesho asubuhi.

Akolong hana imani. Alipofungua kifuniko cha kujazia oili huku injini inanguruma, moshi ulimrukia usoni. "Mama Kui, hii engine imeisha. Ring zimekwisha, moto unapita chini. Tuifungue yote." Huenda ni kweli; pete za pistoni zikichakaa, moshi hupenya mpaka chini ya injini. Lakini kuifungua yote ni siku nyingi, na Gumato hana siku nyingi. Nilimwambia Akolong tuifanye mvua ikiisha. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, akaendelea kukaza nati.

Alhamisi, 18 Aprili

Hawajafika. Simu ya Dabaso haipatikani.

Ijumaa, 19 Aprili

Bado. Nimepiga mpaka nikachoka. Usiku uliopita radi ilikuwa upande wao.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika mikono ikiwa bado michafu, maana nikinawa nitalala, na sitaki kulala kabla sijaandika.

Injini ilizimwa Alhamisi, ng'ambo ya laga ya mwisho. Taa nyekundu ya oili iliwaka, Dabaso akaizima papo hapo, na ndiyo maana ingali na uhai. Dumu lake lilikuwa limeisha. Nyuma yao maji yalikuwa yamejaa, mbele hakuna gari lililothubutu kuingia kwenye tope lile. Walikaa ndani ya gari mpaka jana, ndipo pikapu ya kina mama wanaouza maziwa ya ngamia mjini ilipofika ikamchukua Gumato. Sarah, muuguzi tunayesali naye, ameniambia alifika amevimba uso na miguu, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, maji yameshaanza kupanda mapafuni. Walimweka kwenye mashine bila foleni. Yuko hai.

Lori la mawe limevuta Land Cruiser mpaka kwangu leo asubuhi, Dabaso akiwa kwenye usukani. Alishuka, akasema salaam aleikum, akasimama pembeni. Nguo zake zilikuwa na tope mpaka kifuani.

Akolong alifungua boneti. Ubavu wote ulikuwa mweusi. Kijiti cha oili kilikuwa kimetoka kabisa, kinaning'inia kwenye waya. "Mzee amesahau tena," Akolong alisema.

"Wallahi niliisukuma," Dabaso alisema. "Alhamisi asubuhi. Na hii kidole. Gumato alikuwa ananiangalia."

Nilikitazama kile kidole. Mtu ambaye mkewe anaishi kwa gari hili, anayebeba dumu la oili kwenye laga iliyojaa, kweli angeacha kijiti nje mara mbili? Hapo ndipo akili yangu ilipoamka, kwa kuchelewa. Kama yeye alikisukuma ndani, basi kuna kilichokisukuma nje. Gasketi ya juu, sili ya mbele, sili ya nyuma, kijiti. Havikuwa vidonda vinne. Injini ilikuwa imefungwa pumzi kama sufuria iliyofungwa kifuniko kwa kamba, na mvuke ukawa unatafuta penye udhaifu. Nami kazi yangu mwezi mzima ilikuwa kuziba penye udhaifu.

Kila injini ina bomba la kupumulia. Kwenye gari hili, fundi fulani wa zamani alilikata mahali pake pa kawaida akalielekeza chini, lining'inie nyuma ya gia boksi, moshi wa oili usichafue chujio cha hewa. Nimeliona mara nyingi. Leo nililala chini ya gari nikalifuata kwa mkono kutoka juu mpaka mwisho wake. Mwishoni palikuwa na bonge la tope lililokauka, na chini ya gari lile kila kitu ni bonge la tope. Nikaligonga kwa bisibisi. Ndani yake kulikuwa na kitambaa, kimeshindiliwa, kimekuwa kigumu kwa oili na udongo.

Nilikivuta kwa koleo. Tukajaza oili, Akolong akawasha. Bomba likakohoa mara mbili, likatema weusi, kisha likaanza kupumua. Niliweka mkono wangu pale nikahisi upepo. Kijiti kikakaa mahali pake. Oili ikaacha kutoka.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilipandwa na hasira. Madereva wote wa huku wanajua: kabla ya kuingia laga iliyojaa unaziba bomba maji yasipande, na ukifika ng'ambo, kabla hata ya kushukuru Mungu, unalizibua.

"Nani aliziba hii?"

Dabaso alikitazama kitambaa mkononi mwangu. Alikitazama muda mrefu.

"Ni mimi," alisema. "Ile mvua ya kwanza. Nilisahau."

Nikamwambia mbele ya Akolong, mbele ya dereva wa lori na wapita njia, kwamba kusahau kwake nusura kumuue mkewe. Nilisema kwa sauti. Hakujitetea. Alisema, "Ni kweli, Mama Kui," akaenda hospitalini kwa miguu.

Jumapili, 21 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimeosha kile kitambaa kwa petroli na sabuni, nikitaka kukitundika ukutani madereva wakione wapate adabu. Kumbe si tambara. Ni pembe ya leso, kijani yenye maua ya njano na pindo jeusi. Nimekikunja nikakiweka kabatini.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimpelekea Gumato uji. Alikuwa amelala upande, mirija mkononi, mashine inazunguka. Alikuwa amejifunika leso. Kijani, maua ya njano. Pembe moja haikuwepo, na mahali ilipochanika palikuwa pameshonwa kwa mkono kwa uzi mweupe.

Nilimwachia uji nikatoka nje. Dabaso alikuwa ameketi kwenye benchi.

"Mzee," nilimwambia, "si wewe uliyeziba."

Akanieleza. Ile siku ya mvua ya kwanza walifika laga, yeye akashuka kupima kina kwa fimbo. Akiwa katikati ya maji, Gumato alichana leso yake, akainama chini ya gari, akaziba bomba, kama alivyomwona kakake akifanya enzi za lori. Walivuka maji yakipanda milangoni. "Bila hiyo tungezimika pale katikati," alisema. Lakini walipofika ng'ambo alianza kutapika, akazimia, na Dabaso akakimbiza gari mpaka mjini bila kusimama. Alipopata nafuu hakuna aliyekumbuka kitambaa. "Nilikumbuka Jumamosi, nikikiona kwa mkono yako."

"Na kwa nini uliniacha nikupigie kelele?"

"Akijua ni yeye," alisema, "atalala akihesabu hiyo Alhamisi. Mama Kui, nakuomba. Usimwambie Gumato."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimemdharau mtu huyu tangu Machi. Nilidhani ukimya wake ni ujinga.

Niliporudi ndani kuchukua kikombe, Gumato alifungua macho. "Dada, gari ilikuwa na nini?"

Sijawahi kumdanganya mtu kuhusu gari lake. Baba yangu alinifunza kazi hii, na hilo ndilo alilokuwa mkali nalo kuliko yote. Nikasema, "Ilikuwa sili mbovu. Ile ya nyuma. Tuliuziwa feki."

Alinitazama. "Sili," alisema, akafumba macho.

Alhamisi, 25 Aprili

Tumelipandisha bomba. Akolong amelipitisha kando ya boneti mpaka usawa wa paa, likaangalia chini mwishoni mvua isiingie. Hakuna atakayehitaji kuliziba tena. Amesema kuhusu zile ring, "Nilikosea." Nami nikamwambia tulikosea wawili.

Jumatatu, 29 Aprili

Wamevuka. Boksi kavu.

Alhamisi, 2 Mei

Wamevuka. Boksi kavu. Akolong anapita karibu na katoni hata bila sababu.

Jumatatu, 6 Mei

Wamevuka, maji yakiwa mpaka kwenye viti. Injini kavu, abiria wamelowa.

Jumatatu, 13 Mei

Gumato amepungua. Ameshikwa mkono na Dabaso kutoka getini mpaka kwenye tairi lake. Sarah anasema moyo umechoka, na kwamba ule mwili uliokosa mashine ile Alhamisi haukurudi kama ulivyokuwa, ingawa ulikuwa unaelekea huko hata kabla. Nimeyashika maneno hayo, nayatafuna usiku na mchana, na hayana ladha.

Niliwahi kumwambia kwamba ni mkaidi. Leo nilimwuliza mama yake anaendeleaje, akanieleza jinsi yule bibi anavyomjua kila mbuzi kwa kumpapasa masikio, na namna anavyodai chai yake iwe na chumvi. Aliongea mpaka pumzi ikamwishia. Sikumwambia tena ahamie mjini.

Wakati wa kuondoka alisimama mbele ya gari, akalishika lile bomba jipya, akalifuata kwa kidole mpaka juu. Akacheka kidogo. "Hii ni nzuri," alisema.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua imekatika. Vumbi la kwanza.

Jumatatu, 27 Mei

Nilitandika katoni nikasubiri. Saa nne Sarah akanipigia simu. Gumato amefariki jana asubuhi, nyumbani kwake, baada ya chai. Wamemzika jana hiyohiyo.

Nimefunga gereji. Akolong ameketi nje.

Jumatano, 29 Mei

Tumekwenda kumpa pole Dabaso, mimi na Akolong. Nimeziona zile laga kwa macho yangu. Zimekauka, mchanga mtupu, unapita ukiwa gia ya tatu. Kwenye mgunga mmoja kuna takataka za mafuriko zimenasa matawini, juu ya kichwa changu. Nilisimama pale chini nikawaza mwanamke mgonjwa akichana leso yake na kuinama chini ya gari. Akolong alivua kofia.

Mama yake Gumato, yule kipofu, alinishika mikono, akanusa, akasema jambo kwa Kiborana. Waliniambia amesema, "Huyu ndiye wa gari."

Jumatatu, 10 Juni

Land Cruiser imeingia getini asubuhi, saa yake ileile. Dabaso alishuka, akasalimu. Nikamwuliza gari ina nini.

"Haina kitu," alisema. "Niliamka, nikawasha, nikaja. Nilikuwa nusu ya njia nikaona kiti iko tupu. Sikujua nirudi wapi."

Nilimwekea kiti. Akolong, bila kuambiwa, akasukuma katoni chini ya injini. Tulikunywa chai, mimi na yeye, tukitazama katoni kwa sababu hatukuwa na kingine cha kutazama. Baada ya muda akaniuliza kama nilikitupa kile kitambaa. Nikaenda kabatini nikamletea. Alikipapasa pindoni, akakikunja mara nyingi mpaka kikawa kidogo.

"Mama Kui, kuna maneno yako," alisema. "Ile asubuhi, kabla hajaniacha. Alisema, 'Mwambie Mama Kui sili haikuwa mbovu.'"

Niliweka kikombe chini.

"Alijua siku ileile ulimwambia ni sili," alisema. "Aliangalia leso, akaona pembe haiko, akakumbuka hatukutoa kitambaa. Mimi nilikuwa namficha, na yeye alikuwa ananiacha nimfiche. Hata wewe alikuacha umfiche."

Nililia pale pale, mbele ya Akolong na ya mteja wa pikipiki aliyekuwa anasubiri pampu. Nililia kwa ile sauti niliyompigia Dabaso kelele. Yeye alikaa nami mpaka nikamaliza, kama alivyozoea kukaa na mgonjwa. Kisha akaweka kitambaa mfukoni, akaondoka, akisema barabara ni nzuri atafika kabla ya adhuhuri.

Niliinama kuchukua katoni. Ilikuwa kavu.